Alama ya Kidole kwenye Mtutu

Baba yangu ni fundi bunduki, na ni mkaidi. Nayasema kwa pamoja kwa sababu sijawahi kuyaona yakitengana. Kwa miezi minane mtoto wa jicho alimfungia karakana, akawa anatambua vikombe, funguo, hata nyuso zetu, kwa kupapasa. Alipopona baada ya upasuaji, mama alimpa sharti.

"Fanya kazi moja tu, mume wangu. Ikiharibika, tunauza vifaa, na nisisikie neno."

Baba alikubali shingo upande.

Kazi yenyewe ilikuwa bunduki ya zamani ya mlinzi mstaafu, yenye kibali, mtutu wake umeliwa na kutu. Baba aliusugua kwa msasa mpaka chuma kikabaki cheupe, akaupangusa kwa spiriti. Sasa ulingoja ile dawa ya baridi, inayokitia chuma weusi wa samawati bila kukipitisha motoni. Dawa hiyo ina sheria moja, nami naijua tangu utotoni: chuma kikishasafishwa hakiguswi kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi huizuia dawa kushika.

"Wewe, usiguse!" alinikaripia hata kabla sijasogea.

"Baba, nimeleta chai tu."

Mama, aliyesimama mlangoni akijifanya anapita, alisema mtutu unang'aa kuliko sufuria zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba alivua glavu ashike kikombe, akanywa, akatabasamu, na ule mkono uliozoea giza ukaenda wenyewe kuupapasa mtutu. Hakujua. Mimi niliona. Nikisema, mama atasikia. Nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama ilikuwa busara au woga.

Alivaa glavu, akachovya pamba kwenye dawa, akaipitisha taratibu. Chuma kikageuka kijivu, kikaiva kuwa cheusi, isipokuwa mahali padogo mno, kama punje ya dengu. Akausuuza kwa maji, akaupeleka dirishani. Asipoiona alama hiyo, basi macho hayajapona, na karakana imekwisha.

"Nani kagusa hapa?" akauliza.

Akausogeza karibu zaidi, akavua glavu na kukitazama kidole chake, kisha mtutu, kisha kidole. Akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Ni mimi! Mama watoto, njoo uone. Kovu langu la tupa hili hapa, limekatiza katikati!"

Mama alikuja, akainama, akakunja uso. "Mimi sioni kitu."

"Vaa miwani."

Akavaa. Akaliona kovu, jembamba kama uzi, na machozi yakamlengalenga. Kazi ilikuwa imeharibika, sote tulijua, na sharti alikuwa ameliweka mwenyewe. Akafungua droo, akampa baba kipande kipya cha msasa.

"Anza upya," alisema. "Na chai utanyweshwa."