Gomesi ya Nateete iliyofika Kawempe: agent wetu wa AI na akina Nnalongo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na tope la Kawempe bado liko kwenye viatu vyangu. Niko Kampala, binti wa polisi, na Kiswahili changu ni cha line za polisi, yaani nyumba za kambini, kimesafishwa kidogo kwa kusoma humu ndani. Mkikuta kasoro nichekeni taratibu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupeleka mizigo kwa boda. Bosi wetu ni polisi mstaafu, tunamwita Afande.

Mwaka huu tukaweka AI agent kwenye WhatsApp. Mteja anaandika, agent anamtafuta mpokeaji kwenye system, kisha anaita boda.

Kwa wasioyajua haya mambo: agent ni programu, hana mikono. Anapewa tool, yaani vitendea kazi. Kimoja cha kutafuta mteja, kingine cha kuita boda. Kila tool inakuja na description, maelezo mafupi ya kazi yake, na agent anategemea hayo tu. Usichomwandikia, hakijui.

Sasa description zetu zilikuja hivyohivyo kutoka kwa jamaa aliyetuuzia system. Ya kwanza: "Inatafuta mteja kwa jina." Ya pili: "Inaita boda."

Basi. Nukta. Sijui maneno yalikuwa yanauzwa kwa kilo.

Ijumaa asubuhi fundi cherehani wa Kyebando akatuandikia: "Gomesi ya Nnalongo iko tayari. Mpelekeeni leo, kesho kwake kuna kwanjula."

Ngoja niwafafanulie walio mbali. Gomesi ni vazi refu la heshima la kina mama wa Kiganda, mabega yamechongoka, kiunoni mkanda mpana. Kwanjula ni siku binti anamtambulisha mchumba kwao. Na Nnalongo ni mama aliyezaa mapacha; baba yao ni Ssalongo. Akishawazaa, lile jina lake la zamani linawekwa kabatini. Mtaa mzima ni Nnalongo tu, na wapo wanaoona umewavunjia heshima ukiwaita vingine.

Kwa hiyo hata kwenye system yetu wamejiandikisha hivyo. Nnalongo, Nnalongo, Nnalongo.

Agent akatafuta, akaletewa kundi zima. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini wakiwa wengi, akamchukua wa juu. Boda akapiga simu: "Wewe ndiye Nnalongo?" Mama akajibu ndiyo, ni mimi. Mzigo ukapokelewa.

Hapo hakuna aliyedanganya, wakuu.

Alasiri simu ikalia. Nnalongo wa Nateete, mama mwenye binti wa kwanjula.

"Nyinyi watu, gomesi yangu iko wapi? Wakwe wanakuja kesho. Mimi nivae nini, shuka?"

Afande akapandisha hasira. "Hiyo mashine ifukuzwe kazi sasa hivi!"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilimwonea huruma agent, na msinishangae. Unamchukua mfanyakazi mgeni, unamwambia peleka kwa Nnalongo, halafu unafunga mlango. Hata binadamu angepotea. Simama sokoni hapa uite "Nnalongo!" uone wanawake watakavyogeuka.

Lakini gomesi kwanza. Nikapanda boda mpaka Kawempe, mzigo ulikopelekwa.

Nilimkuta barazani Nnalongo aliyeupokea. Mama mtu mzima, mwembamba, mjane wa mwanajeshi. Na ameivaa. Gomesi haichagui mwili sana, unazungusha, unafunga mkanda, imekukaa. Majirani wawili walikuwa wanamsifia.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Ona. Mutoto yangu Kato ametuma hii toka Juba. Siku mingi mimi hapana sikia yeye. Lakini mimi nilijua, hawezi sahau mimi."

Niliomba maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Nikamwomba tukae pembeni, majirani wasisikie, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameushika ule mkanda.

"Sasa Kato hapana tuma kitu?"

"Hapana, mama. Ni sisi tuliokosea. Tusamehe."

Akaingia ndani. Alitoka amevaa kitenge chake, gomesi imekunjwa vizuri kuliko fundi alivyoikunja.

"Peleka. Huyo mama ingine ako na wageni kesho. Na musitukane hiyo mashine yenu. Hata mimi hapana uliza imetoka kwa nani. Niliogopa kuuliza."

Nililia juu ya boda, nasema wazi. Mwendesha boda alidhani nimefiwa, akanipa pole njia nzima.

Nateete yule mama mwingine alitoka amekunja uso, tayari kwa vita. Nikamweleza yote bila kuficha. Hasira ikamwisha, akabaki ameshika gomesi tu. "Maskini, Nnalongo mwenzangu," akasema. Akaniuliza anaitwa nani huyo mtoto aliye Juba, nikamwambia ni Kato.

Jioni ile nikakaa na ile description. Nikaandika hivi:

"Tumia hii kutafuta mteja. Nnalongo, Ssalongo, Hajati na Mama Fulani ni majina ya heshima, watu wengi wanayo. Ukipata zaidi ya mtu mmoja, usichague. Muulize mtumaji mtaa na simu ya mpokeaji." Na kwenye tool ya boda: "Usiite boda kabla mtumaji hajathibitisha mpokeaji ni nani."

Afande alisema ni ndefu mno. Nikamwambia ni fupi kuliko safari ya Kawempe.

Jumapili Nnalongo wa Nateete akamwandikia agent mwenyewe: "Nina chakula cha kwanjula. Mpelekeeni Nnalongo mwenzangu."

Agent akajibu: "Nimepata akina Nnalongo kadhaa. Unamaanisha yupi? Anakaa mtaa gani?"

"Wa Kawempe. Yule ambaye Kato wake yuko Juba."

Matooke na nyama vilifika kwenye majani ya migomba, bado vya moto. Nilivipeleka mwenyewe.

Nilichojifunza: kabla hujamwita agent mjinga, soma ulichomwandikia. Mwandikie kama mgeni asiyeujua mtaa wako, na mruhusu kuuliza. Wengi wetu tunaharibu kwa kuogopa kuuliza.

Wenye agent kazini, wekeni description zenu hapa tuzichambue bila kuchekana.

Na wewe Kato uliye Juba, kama huu uzi umekufikia: mama yako hajahama. Tuma chochote, hata salamu. Agent wetu sasa atauliza ni Nnalongo yupi, wewe mjibu tu.