Mtoto wa Kwenye Ripoti

Mbuke Masunga alikulia Usangu, katika familia ya wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Mama yake, Ngolo, alikuwa na kifafa, akafariki Mbuke akiwa bado shule ya msingi. Sasa Mbuke anasoma chuo hapa Iringa na amepanga chumba uani kwetu. Ni binti mpole, akifua nguo huzianika kwa kufuata rangi.

Mwaka jana mwalimu wake, Asukile, aliwaambia wakusanye makala za kitaalamu kuhusu ugonjwa mmoja. Mbuke akachagua kifafa, akampelekea lundo zima. Asukile akacheka.

"Dada, umechanganya kama kachumbari. Hii ni ya utafiti, watu wamepimwa na matokeo yapo. Hii ni ya mapitio, mwandishi hakupima mtu, amesoma kazi za wenzake akazijumlisha. Hii ni maoni, anasema anavyofikiri. Na hii ya kurasa mbili ni ripoti ya mgonjwa mmoja tu."

"Ipi ya kweli, ticha?"

"Usiulize hivyo. Uliza kila moja imejuaje."

Mbuke akakaa uani kuzisoma upya. Makala ya maoni ilisema mabinti wa wagonjwa wa aina fulani ya kifafa waonywe mapema, kwani watakirithi. Imejuaje? Ilitaja makala ya mapitio. Mapitio yalisema kurithi kunawezekana, yakataja ile ripoti ya mgonjwa mmoja. Akaifungua.

Mwanamke, mfugaji wa Usangu, hajui Kiswahili. Kabla ya kupoteza fahamu husikia harufu ya moshi. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Binti yake mdogo, aliyekuwa akimtafsiria, alisema naye huisikia harufu hiyo.

"Mama Gloria, njoo," aliniita. "Huyu ni mama. Na huyu mtoto ni mimi."

Alisema siku ile hospitalini wauguzi walimcheka mama yake kwa habari za moshi, naye akadai anausikia pia, ili wamwamini.

"Nilidanganya. Sasa wanaandika kwamba mabinti wataugua, kwa neno langu mimi."

"Basi si afadhali? Maana yake huumwi."

"Tangu Pasaka nasikia moshi darasani, na hakuna anayechoma kitu. Kama nilidanganya, huu unatoka wapi?"

Nilimsindikiza Mbeya. Aliyeandika ripoti ile, Daktari Jailos, amestaafu na anaishi mtaa wa Ilomba. Alitukaribisha sebuleni, akatumiminia chai. Mbuke akamweleza yote, hata ule uongo. Mzee akatikisa kichwa.

"Hukudanganya, binti. Ulipotaja moshi ulinyamaza, macho wazi. Mkono wako ukawa unavuta khanga ya mama yako, unavuta, unavuta. Nikakuita, hukuitika. Halafu ukaendelea kutafsiri kama hakuna kilichotokea."

"Mbona hukuandika hilo?"

"Ulikuwa mtoto. Sikutaka kukupa jina la ugonjwa mapema. Nikaandika ulichosema tu."

"Kwa hiyo nitaugua, Daktari?"

"Ripoti ya mtu mmoja haiwezi kujibu hilo. Inaeleza nilichokiona siku ile, basi. Kuhusu kichwa chako, vipimo ndivyo vitakavyojibu."

Mbuke akaitika, akashika kikombe. Akautazama ukuta uliokuwa mtupu, hata picha haukuwa nayo. Tukamsubiri. Chai ikawa inamwagikia gauni lake taratibu, naye hakushtuka. Nikamwita. Daktari akanizuia kwa mkono, akakiondoa kikombe vidoleni mwake.

Kisha Mbuke akasema, kwa sauti ileile, "Kwa hiyo nitaugua, Daktari?"

"Umeshaniuliza, binti."

"Lini?"

Mzee akaingia ndani kuchukua koti, akasema atatupeleka hospitali mwenyewe, sasa hivi. Nilimshika Mbuke mkono tukatoka. Pale mlangoni akanigeukia, anatabasamu kwa adabu kama mgeni anayeona haya.

"Mama Gloria, mbona tunaondoka? Si ndiyo kwanza tumekaa?"