Vyungu vya Nyagondwe Nje ya Moto

Moshi wa nyasi zinazochoma vyungu ukinipitia puani, mpaka leo moyo unanipiga paa. Wenzangu wa ufukwe huu wa Nyasa husema hiyo ni harufu ya nyumbani. Sawa, ni ya nyumbani. Lakini kwangu mimi pia ni harufu ya asubuhi ile walipomkataa Nyagondwe.

Nyagondwe alivuka mto Songwe, mpaka wetu na nchi ya kwao, na mtoto mgongoni, akikimbia kusakwa kwa sababu alikataa kununua kadi ya chama cha kwao. Sikumbuki alivyofika, ila nimesimuliwa hadi nimechoka. Baba yangu, balozi wa nyumba kumi na mtu wa chama hadi kwenye mifupa, aliitisha mkutano akasema mkimbizi ni ndugu, ndivyo chama kinavyotufundisha. Basi kijiji kizima kikampokea. Huyu alileta mchele, yule ndizi, na wanawake wakampa nafasi kwenye moto wao.

Hapa niwaeleze. Kwetu Ikombe kila mwanamke hufinyanga kwake, lakini kuchoma ni pamoja, rundo moja. Chungu chenye unyevu kikipasuka humo kinavunja na vya jirani, kwa hiyo usiyemwamini huchomi naye. Nyagondwe alijifunza kufinyanga ukubwani. Vyungu vyake vilisimama upande kama walevi, na bado viliingia. Tulimcheka, naye akacheka kutuzidi.

Kisha zikaja kampeni. Gari la chama chetu, lenye vipaza sauti, likatoka Kyela mjini kutuambia kwamba wageni wanamaliza ardhi yetu na kutuibia mitumbwi. Jioni baba akaitisha mkutano, na kwa sauti yake ileile akasema kila mtu awe macho na mgeni aliye jirani yake. Hakumtaja mtu. Watu wote waligeuka kumtazama Nyagondwe.

Siku ya kuchoma nilifuatana na mama. Nyagondwe akaja na vyungu vyake, akatusalimia kwa heshima, "Mugonile." Wanawake wakainamia nyasi zao. Mama akampokea chungu kimoja, akakipanga katikati ya rundo.

Ndipo Mama Sekela, ambaye alipougua, mtoto wake alinyonyeshwa na huyohuyo Nyagondwe, akainama na kuanza kutoa vyungu vyake mwenyewe kwenye rundo. Wengine wakafuata.

"Mke wa balozi," akasema bila kuinua macho, "jana hukumsikia mumeo?"

"Nilimsikia," mama akajibu. "Na siku ile alipotuambia ni ndugu, nilimsikia pia."

Wakabaki mama na Nyagondwe, na rundo dogo. Wenzao waliondoka na nyasi zao, na zilizobaki hazikutosha. Moto haukukolea. Vyungu vikatoka na madoa meusi, vingine vikimeguka mkononi kama mihogo iliyoiva. Nyagondwe hakuwa na cha kupeleka gulioni, na hata angekuwa nacho, nani angenunua? Wiki haikuisha akamshika mwanawe mkono, wakashika njia ya kurudi Songwe, kulekule walikokuwa wakimsaka. Hatukupata habari zao tena. Mama alilia mchana kweupe, mlangoni, kila mpita njia amwone. Baba alipitia uani.

Kwa miaka mingi nilikuwa na baba wawili kichwani. Nilimpenda yule wa mkutano wa kwanza, nikamchukia yule wa pili, na nilijiuliza sana ni nini kilimharibu. Siku hizi redio inapoanza tena habari za wakimbizi, nawaona majirani zangu, watu wema kabisa, wakigeuka kwa taarifa moja ya habari. Ndipo nimemwelewa baba, na inaniuma kuliko chuki ile. Baba hakuharibiwa na mtu. Siku aliyomkaribisha Nyagondwe alikuwa anatii chama, na siku aliyomfukuza alikuwa anatii. Yeye mwenyewe, Nyagondwe, baba hakuwahi kumwona.