Mchanga wa Kona ya Kisimani

Siku niliyoambiwa kwamba magari ya mbio yatapita mbele ya mlango wangu, nilidhani aliyeniambia ana homa. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, tulipokuwa bado hatujazoea kuiona bendera yetu juu ya mlingoti wa ofisi ya tarafa, na kila wiki ilikuja na jambo la kutuacha midomo wazi. Lakini hili lilizidi. Msambweni yetu, ambako mbuzi wanalala katikati ya njia na kuku wanaoga vumbi, ati ndiyo imechaguliwa kuzungukwa na magari yanayokwenda kasi kuliko akili za watu!

Afisa wa tarafa aliitangaza njia yenyewe barazani. Magari yangeanzia sokoni, yapite msikitini, yateremke kuelekea pwani, yakate kona penye kisima kilichokuwa hatua chache kutoka nyumbani kwangu, kisha yapande tena hadi sokoni. Yangezunguka hivyo mara ishirini. Yeyote mwenye gari na moyo wa kuliendesha aliruhusiwa kuingia, awe Mzungu, Mhindi, Mwarabu au Mwafrika. Hilo la mwisho lilitufanya tutazamane. Mpaka siku hiyo, Mwafrika tuliyemjua kwenye mambo ya mbio alikuwa yule wa kulisukuma gari likikwama.

Jioni yake mdogo wangu akaja kunimaliza kabisa. Huyu nilimlea mimi tangu mama yetu alipofariki, yeye akiwa hajamaliza kuota meno. Sasa alikuwa mwanamume mrefu, anaendesha lori la miwa katika mashamba ya Ramisi, na kila alipopata ruhusa alikuja kula kwangu. Alisimama mlangoni anacheka peke yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unacheka nini?"

"Nimejiandikisha."

"Umejiandikisha wapi? Jeshini?"

"Mbio za magari, dada."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nakumbuka niliutazama pale chini, umejaa majivu, nikashindwa hata kuinama kuuokota.

"Wewe mwana wee, una wazimu? Wewe unaendesha miwa!"

"Miwa ni mizito, dada. Gari tupu litakuwa jepesi," akasema, kisha akaketi kitako akangoja chakula kana kwamba ameniambia amenunua kofia.

Gari lilikuwa la fundi mmoja wa gereji ya Ukunda, aliyekuwa akimtengenezea lori. Fundi alilifufua kutoka kwenye kutu, lakini macho yake yalikuwa hayamruhusu tena kuliendesha. Nilimnunia mdogo wangu siku tatu. Wanaonijua wanajua siku tatu za mimi kufunga mdomo ni kitu gani. Mji mzima ulinijua kwa ulimi wangu. Sikuwahi kuona kosa la mtu nikalipita, wala kusikia neno lisilonipendeza nikalimeza. Siku ya nne nikamwita, nikamwambia akifa nitamfuata hukohuko nikamchape.

Wakati huo mji ulikuwa umeshashikwa na ushabiki. Sisi watu wa pwani kushindana tumekuzoea kwenye ngoma, mtaa huu na mtaa ule, kila upande na sare zake na nyimbo zake za kuchokoza wenzao. Basi mbio nazo tukazigeuza hivyohivyo. Upande wa sokoni walimshabikia kijana mmoja wa Kihindi kutoka Mombasa mwenye gari jekundu, ambalo hakuna kati yao aliyewahi kuliona. Sisi wa upande wa pwani tukamshika mdogo wangu. Wanawake tukanunua kanga za sare moja, tukatunga vijembe vya kuwaimbia wa sokoni wakija kuteka maji. Kinyozi wa sokoni alimnyoa mteja nusu kichwa, akajua ni mtu wa upande wetu, akakataa kumalizia nusu ya pili. Wiki moja kabla ya mbio watu walikuwa wameshatandika mikeka kando ya njia kushika nafasi, na ole wako uuguse mkeka wa mwenzio.

Mdogo wangu hakuwa na habari na vijembe vyetu. Kila alfajiri aliyokuwa Msambweni, baada ya sala, alivua viatu akaizunguka njia yote kwa miguu. Nilimwona akikanyaga ardhi polepole, akisimama, akirudi nyuma. Asubuhi moja alikuja kunywa chai, nyayo zake nyekundu kwa vumbi.

"Dada, njia hii naijua kuliko wageni wote. Kila mahali patawatisha. Mimi najua pa kuogopa na pasipo na haja."

"Pasipo na haja ni wapi?"

"Hapo kwako, kisimani. Chini ni mwamba mtupu, mgumu kama sakafu. Wao watakanyaga breki. Mimi sitakanyaga. Hapo ndipo nitakapowapita."

Nikamwongezea chai. Nilisikia tu kwamba atashinda mbele ya mlango wangu, na kichwa kikanivimba kwa fahari. Maneno mengine yote yalipita hivihivi.

Mbio zilikuwa Jumapili. Jumamosi, baada ya alasiri, kila dereva angepewa mzunguko mmoja wa kujaribu njia. Ijumaa mdogo wangu alikwenda Ukunda kulala gereji, aje na gari moja kwa moja. Na Jumamosi hiyo asubuhi ndipo nilipofanya nilichofanya.

Kwetu mgeni wa heshima hakanyagishwi vumbi. Ikiwa kuna harusi au Maulidi, wanawake wa mtaa hushuka pwani na vikapu, huchota mchanga mweupe, huumwaga uani na njiani, kisha huufagia kwa fagio za chelewa, zile njiti za makuti, mpaka ubaki na mistari kama kitambaa kipya. Hivyo ndivyo mama alivyofanya, na mama yake kabla yake. Sasa walikuwa wanakuja wakubwa kutoka Kwale na Mombasa, Wazungu na kamera zao, na mdogo wangu mwenyewe anakuja kushinda. Tuwapokee kwa vumbi? Nikatoka nikagonga milango. Hakuna aliyekuja na wazo hilo ila mimi. Nilisema mtaa wa sokoni watatucheka, na hilo likatosha.

Tulikuwa wanawake kama thelathini. Tulipanda na kushuka na vikapu kichwani tangu jua linachomoza mpaka karibu na adhuhuri, tukiimba. Mchanga tuliumwaga njia yote ya upande wetu, lakini pale kisimani nilisema waongeze. "Hapo ni kwa ndugu yangu," nikawaambia, "hapo pawe kama zulia." Wakaongeza mpaka mguu ukawa unadidimia. Afisa wa tarafa akapita, akasimama, akavua kofia. "Mmetupa heshima, mama zangu," akasema. Nilirudi nyumbani kuoga nikiwa na furaha ya mtu aliyemwoza binti yake.

Alasiri hiyo mikeka yote ilijaa. Gari la kwanza lilikuwa la mkulima mmoja wa Kizungu. Lilikuja taratibu, maana mwenyewe alikuwa hajui njia. Lilipofika kisimani, sehemu yake ya nyuma ilichepuka upande, polepole, kama ng'ombe aliyesukumwa kiunoni. Dereva akahangaika na usukani, likanyooka, likaenda zake. Watu wakaangua kicheko. Wanawake wenzangu wakapiga vigelegele.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefungua kinywa nicheke na kicheko kikagoma. Nilikuwa natazama alama ya magurudumu kwenye mchanga wangu, jinsi ilivyopinda, na maneno ya ile asubuhi ya chai yakanirudia neno kwa neno. Mimi sitakanyaga. Nilijua nimefanya nini, na wakati huohuo akili ilikataa kwamba nimekifanya.

Kisha nikasikia gari la fundi likiteremka kutoka msikitini. Mlio wake tuliujua sote, ulikuwa na kukohoa ndani yake. Mtaa mzima ukasimama. Nikaruka mikeka na miguu ya watu, nikafika ukingoni mwa njia, nikavua kanga ya kichwani nikaipunga kwa mikono miwili, huku nikipiga kelele asimame. Lakini kila mwanamke wa upande wetu alikuwa amevua kanga anaipunga. Kila mmoja alikuwa anapiga kelele.

Alikuja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa kitu kilicho juu ya ardhi. Aliniona. Naapa aliniona, maana alitoa mkono nje ya dirisha, akanipungia, meno yote nje.

Gari halikukata kona. Liliingia mchangani, likazunguka lote kama pia ya mtoto, likaupiga ukuta wa kisima kwa ubavu. Mlio wenyewe ulikuwa mfupi. Baada yake nilisikia mawe yakitumbukia majini, moja baada ya jingine. Mpaka leo nikisikia jiwe linaanguka majini hunishika baridi.

Hakufa. Alhamdulillahi, hakufa. Walimtoa na mguu uliovunjika mara mbili na mbavu zilizopasuka, wakampeleka hospitalini, nami nikiwafuata nyuma kichwa wazi, kanga bado imo mkononi. Nilipokubaliwa kuingia ilikuwa karibu na magharibi. Alikuwa amelala amefungwa bandeji, na kando ya kitanda kulikuwa na bwana mmoja wa kamati ya mbio, kutoka Mombasa, ameshika daftari.

"Nieleze ilivyokuwa," yule bwana alisema. "Njia ilikuwa na kasoro? Maana kama kuna kasoro, kesho tunaahirisha, na aliyesababisha tutamtaka atueleze."

Nilisimama miguuni pa kitanda. Nilitaka kusema. Namwomba Mola anishuhudie kwamba nilitaka.

"Njia haina kasoro," mdogo wangu akasema, bila kunitazama. "Nilikosea mimi. Nilikwenda mbio kuliko ninavyoweza. Mimi nimezoea miwa."

Yule bwana akaandika, akafunga daftari, akaaga. Nikachukua kitambaa na maji nianze kumpangusa uso, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilipofika kwenye nywele, mchanga mweupe ukaanza kumwagika juu ya mto, punje kwa punje. Tuliutazama sote wawili.

"Dada," akaniita kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. "Una ufagio wa chelewa nyumbani?"

"Ninao."

"Basi alfajiri pafagie pale. Kesho wenzangu watapita."

Hakusema tena habari hiyo, si usiku huo wala maisha yake yote.

Nilipafagia peke yangu. Sikumwita mwanamke hata mmoja. Nilifagia mpaka mwamba ukaonekana, na damu ikatoka viganjani, na jua lilipopanda nikapaona pale alipokuwa akikanyaga kwa nyayo zake, pagumu kama sakafu, kama alivyosema. Mbio zikafanyika. Magari yalipita kisimani mara ishirini, na hakuna hata moja lililoteleza. Gari jekundu la Mombasa lilishinda, na lilishinda palepale, kwenye kona yangu, kwa kuwapita wenzake waliokanyaga breki.

Mtaa wa sokoni walipagawa. Walikuja mpaka mbele ya mikeka yetu na wimbo mpya, walioutunga asubuhi hiyohiyo. Ulisimulia habari za dereva wa miwa ambaye kona ilimshinda mahali ambapo hata mtoto angepita kwa baiskeli. Wenzangu walinigeukia. Walikuwa wananingoja mimi, kwa sababu siku zote majibu yalitoka kwangu. Hata wale wa sokoni walinyamaza kidogo, wananitazama, wajue leo nitawatukana vipi.

Wimbo ule ulimfuata miaka yote aliyochechemea katika mitaa hii, mpaka kufa kwake. Neno moja tu lingeuzima siku ile, nami nilikuwa nalo. Mimi mwenye ulimi ambao mji mzima unaujua, nilijifunika kanga, nikainama, nikakunja mkeka wangu.