Saa Mbili Nilizoziruka Mahakamani

Mie shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Waliomaliza vyuo ndio wanaonipigia simu niwapunguzie bei ya nondo. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Tegeta, la pili liko Mbezi Beach, na nyumba ya ghorofa nimeisimamisha kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono. Kilichonitoa ni mdomo. Mteja nikimpata dakika tano anasahau kwamba alikuja kuulizia tu. Kwa hiyo walipomkamata fundi wangu kwa kesi ya mauaji, sikutetemeka. Nilikwenda Mtoni kwa mama yake nikamwambia, "Mama, wewe tulia. Nikipewa dakika tano mbele ya hakimu, mwanao anakuja kula chakula cha mchana hapa."

Dakika tano zenyewe nilizipata baada ya miaka minne na nusu.

Siku ya tukio tulikuwa tunamwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa yangu, Tegeta. Anayejua ujenzi anajua kwamba slabu ikianza kumwagwa hamsimami mpaka kona ya mwisho, na fundi mkuu habanduki, maana zege ikishikana vipande vipande nyumba itakuja kupasuka. Fundi alifika alfajiri, akaondoka magharibi. Mchana wa siku hiyohiyo, saa saba, huko Mtoni anakoishi, upande wa pili wa jiji, mlinzi wa yadi ya mbao alipigwa na chuma kichwani akafa. Wiki moja nyuma fundi wangu alikuwa amegombana na mlinzi huyo kwa ajili ya mbao, tena kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Kesho yake baada ya mauaji, polisi wakaja kumchukua.

Nilikwenda polisi mwenyewe, bila kuitwa, nikaandikisha maelezo. Nilieleza mambo kama yalivyokuwa. Kwamba miksa, mashine ya kuchanganyia zege, ilikuwa moja. Kwamba saa sita saruji ilipungua, nikatoka na gari kwenda kuongeza, foleni ikanishika, nikarudi saa nane. Kwamba nilimkuta fundi ameshavuka nusu ya slabu, mabuti yamezama kwenye zege, ananifokea kwa kuchelewa. Nikasomewa, nikasaini. Nilirudi nyumbani nikijua nimemaliza kazi.

Siku ya kwanza mahakamani nilivaa suti. Hakimu akasoma shitaka, kisha akamwambia fundi kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Nikamgeukia bwana mmoja aliyekaa pembeni yangu.

"Kama hana mamlaka, kaletwa kwake kufanya nini?"

"Kutajwa."

"Kutajwa nini?"

"Kesi. Inatajwa, inarudi, inatajwa. Braza, wewe mgeni hapa, eh?"

Kweli nilikuwa mgeni. Kila baada ya wiki mbili karandinga la gereza linawaleta mahabusu, wanapandishwa, wakili wa serikali anasimama anasema upelelezi haujakamilika, wanashushwa. Mie nikiagiza mzigo ukachelewa siku tatu, naweka simu sikioni mpaka betri iishe. Hapa mtu anakaa ndani bila dhamana, maana mauaji hayana dhamana, na hakuna anayeshtuka. Nilichokuwa nakiona kama ajabu, wenzangu pale wanakisikia huku wanachezea simu.

Miaka miwili ikaisha hivyo. Upelelezi ulipokamilika nikamwambia mama yake sasa tumefika. Kumbe ndiyo kwanza jalada linahamia Mahakama Kuu, na huko kesi zinasubiri kikao, na kikao kinasubiri jaji. Nikawa naenda kwa karani kila mwezi.

"Mzee, jaji tuliyempangia kapelekwa mkoani, huko hawana kabisa," aliniambia siku moja. "Majaji wachache, mafaili ndiyo haya." Akanionyesha kabati, na chini ya kabati, na nyuma ya mlango.

Kwenye benchi la nje kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, mumewe yuko ndani mwaka wa sita. Akadakia kwa sauti ya sokoni, "Si waseme tu hawana! Mie samaki wakiisha nawaambia wateja wameisha, siwaweki foleni miaka sita!" Watu wakacheka, lakini kile kilikuwa kicheko cha watu waliochoka. Mzee mwingine akasema bora mwizi wa kuku, anafungwa, anatoka, anarudi kuiba, huku ndugu yake mzee huyo bado anatajwa tu.

Huku nyuma mashahidi wakawa wanapukutika. Vibarua wa zege ni watu wa kuokota asubuhi hiyohiyo barabarani. Wengine nilikuwa nawajua kwa majina ya utani tu. Mmoja alifariki, wawili walirudi kwao kusini wakabadilisha namba, mwingine nilimpata akasema hataki habari za mahakama. Mwisho wa yote nikabaki mie peke yangu.

Na mie, sitaficha, nilikuwa nasimulia. Kila jioni kijiweni, mbele ya duka, kwenye misiba, kwenye harusi. Watu walikuwa wananiita kabisa, "Tajiri, hebu tupe ile ya fundi." Nami nawapa. Stori nzuri mtu huirudia, na ukiirudia inanenepa. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo kwanza. Siku moja wageni walipoondoka akaniambia:

"Baba watoto, miksa zimeshakuwa mbili?"

"Zilikuwa mbili."

"Mwaka juzi ilikuwa moja. Na ile safari yako ya kwenda kuongeza saruji siku hizi siisikii."

"Haina umuhimu."

"Haya. Ila ukisimama mbele ya jaji ujue hujasimama kijiweni."

Nikamwona hajui biashara ya kuongea. Kumbe kilichonipata hata mie sikukijua. Ile safari ya saruji ilikuwa inanichelewesha kwenye simulizi, nikaitoa, na baada ya kuitoa mara mia ikatoka hata kichwani. Naapa, siku naingia kizimbani nilikuwa naamini sikuondoka saiti.

Nilipanda nikiwa na suti mpya. Wakili wa utetezi akaniuliza, nikajibu kama mtu anayeuza. Nikasema nilikuwa na miksa mbili zinanguruma. Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, sikuondoka pale hata dakika moja, macho yangu yalikuwa kwa fundi kuanzia alfajiri mpaka magharibi." Nikamwangalia fundi, nikitegemea kuona furaha. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Wakili wa serikali, msichana mdogo tu, akasimama na karatasi mbili.

"Shahidi, hii sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Naomba usome mstari huu."

Nilisoma polepole, maana maandishi ya mkono yananisumbua. Nilitoka saa sita kwenda kuongeza saruji nikarudi saa nane. Hata hesabu ya muda niliipiga mwenyewe. Marehemu aliuawa saa saba.

"Na miksa, shahidi. Hapo umesema ngapi?"

"Moja."

"Kwa hiyo unaidanganya mahakama leo, au uliwadanganya polisi siku ile?"

Mie, mwenye mdomo wangu, nikaanza kuusoma upya mstari uleule. Nilishuka kizimbani. Mama yake fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele na hakuniuliza kitu. Heri angenitukana.

Kesi ikaahirishwa kwa ajili ya majumuisho, zile hoja za mwisho za mawakili. Kabla siku haijafika, jaji akahamishwa kituo, na nafasi yake ikakaa wazi. Mwezi, miezi mitatu, sita. Nilikwenda gerezani siku ya kuwaona mahabusu. Fundi alikuwa upande wa pili wa wavu, amekonda, mikono imekuwa laini kama ya karani.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Fundi, nimekuharibia."

"Umeniharibia," akasema, bila kupandisha sauti. "Mie nilikuwa nakusubiri uje useme ulichokiona. Ukaja ukasema unavyosimuliaga."

Nikaanza kujieleza, akanikatisha. Aliambiwa na wakili wake kwamba jaji mpya akija, yeye mshtakiwa atapewa nafasi ya kuchagua. Akikubali ushahidi uliopo uendelee kutumika, hukumu itakuwa karibu. Akiomba shahidi arudishwe, ni kusubiri tena kupangiwa tarehe, na tarehe hakuna anayejua.

"Usiongeze muda," nikamwambia. "Utakaa humu mpaka lini?"

"Hukumu ya karibu na maneno yako yale ni kitanzi, bosi. Bora nikae. Ila ukirudi, uje peke yako. Hicho kijiwe chako ukiache Tegeta."

Jaji mpya alikuja baada ya mwaka kasoro kidogo. Akamuuliza fundi, fundi akasimama akaomba nirudishwe mie tu. Watu nyuma yangu wakaguna, mmoja akasema kwa kunong'ona huyu kachanganyikiwa, anajiongezea mwenyewe. Tukangoja miezi mingine mitano.

Safari hii sikuvaa suti. Nilieleza saruji, foleni, saa sita, saa nane, mabuti kwenye zege, alivyonifokea. Nilipoulizwa rangi ya shati lake nikasema sikumbuki. Vibarua walikuwa wangapi? Sikumbuki hasa, kumi au kumi na wawili. Nadhani sijawahi kutamka neno hilo mara nyingi hivyo tangu nizaliwe. Wakili wa serikali akanikumbusha ushahidi wangu wa kwanza.

"Mbona mara ile ulisema hukuondoka?"

"Niliongeza, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sifa."

Ukumbi ukacheka. Jaji hakucheka, aliandika.

Siku ya hukumu chumba kilijaa mpaka mlangoni. Jaji alisoma kwa muda usiozidi wa kunywa chai, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili. Nilichoshika ni hiki. Saa sita fundi alikuwa Tegeta, saa nane alikuwa Tegeta, na kazi iliyofanyika katikati ni ya mtu ambaye hakuondoka. Na hata angeondoka, hakuna awezaye kutoka Tegeta mchana akafika Mtoni akaua akarudi ndani ya saa mbili kwa foleni ya jiji hili. Maneno hayo yalikuwa yangu, niliyasaini polisi wiki ileile ya kwanza. Yalikuwa ndani ya jalada siku zote. Karibu miaka sita mtu amelala sakafuni na karatasi ya kumtoa iko kabatini, inangoja msomaji. Na msomaji wa kwanza alipopatikana, mie nikamfunika macho.

Watu wakaanza kupiga vigelegele, askari wakawa wanawanyamazisha. Mama yake fundi alikuwa hajasimama. Kile Kiingereza kilimpita, na kelele zilimtisha zaidi. Akanivuta mkono.

"Kasemaje, mwanangu?"

"Kasema aende nyumbani, mama."

"Kasema hivyo tu?"

Nilikuwa na mengi ya kusema.

"Hivyo tu, mama."