Makopo Juu ya Meko

Mwaka 1974, watu wa milima ya Mamboya walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Mzee Melkizedek alipanda lori na makopo mawili ya filamu mapajani. Majembe akayasahau! Mkewe Ida alimsema njia nzima, na haki alikuwa nayo.

Makopo aliachiwa na Bwana Harwin, Mwingereza aliyetengeneza sinema zisizo na sauti. Melkizedek, kijana wakati huo, ndiye aliyembebea kamera. Bwana huyo aliwapiga picha wanawake wakipepeta mtama, akaja kuionyesha sinema yenyewe kwenye shuka, nje ya kanisa. Mmoja wa wanawake hao alikuwa mama yake Melkizedek, na mwaka haukuisha akafariki. Picha nyingine ya mama huyo haipo. Huko Ulaya nako, sinema zilipoanza kusema, Harwin alitupwa kule, kazi zake zikapotea moja baada ya nyingine. Zilibaki hizo za kwenye makopo.

Na Melkizedek aliyatunza, jamani! Mbegu ya mahindi unaiweka wapi isibunguliwe? Darini, juu ya meko, ipate moshi. Basi makopo yakakaa huko miaka arobaini na saba. Hata kijijini alijenga dari kabla ya kutia mlango.

Siku gari la sinema la serikali lilipofika, alimwita binti yake Perpetua kutoka Kilosa, aje amwone bibi yake kwenye sinema.

"Shikamoo, mzee," alisema Cornel, fundi wa sinema.

"Marahaba, mwanangu. Tuwekee hii."

Cornel akafungua kopo, harufu kali ikamrudisha nyuma. Utepe ulikuwa umegandamana, na alipougusa ukamomonyoka kuwa unga wa kahawia.

"Loh! Mzee, uliziweka wapi?"

"Juu ya moto. Zisiharibike."

Cornel akashika kichwa. "Filamu hizi adui yake ni joto, mzee wangu; huoza, hata huwaka zenyewe. Mshukuru Mungu nyumba haikuungua."

Kopo la pili, vilevile. Kilipona kipande kifupi tu. Cornel akakiinua juani: mikono miwili na ungo.

"Uso upo?"

"Haupo, mzee."

Perpetua akamshika baba yake bega. "Basi, baba. Wewe niambie tu, bibi alikuwaje?"

Melkizedek akafungua mdomo. Ungo aliuona. Mikono aliiona, na ile shuka ikipepea. Uso akautafuta, akautafuta, maskini, hakuupata. Akaketi chini palepale, akalia mbele za watu.