Mwanangu Si Michembe

Daktari alipotuambia mdogo wangu amekosa jua, nilicheka. Sijivunii. Lakini hebu fikiria: tumezaliwa Shinyanga, mahali ambapo jua hukausha visima na kupasua midomo, halafu mtu aliyesoma anakuambia mifupa ya ndugu yako imelegea kwa kukosa jua.

Daktari hakucheka. Alimuuliza mdogo wangu kazi yake. Alikuwa na mwaka wa sita Nyarugusu, kule Geita, anachimba dhahabu. Anaingia duarani, ndivyo wanavyoliita shimo lao, kabla hakujapambazuka, anatoka giza limeshaingia. Akipangiwa zamu ya usiku, mchana kutwa analala ndani ya kibanda cha turubai. Wenzake nao walilalamikia mapaja na kiuno, wakajichua dawa na kusema ni baridi ya chini. Yeye alirudi nyumbani akitembea kama bata, na akichuchumaa hainuki mpaka ashikwe mkono. Kijana wa miaka thelathini na moja!

Tukapewa vidonge vya vitamini D na masharti: akae juani kila siku, na asirudi chini mpaka apone. Vidonge viliisha, duka la dawa likatuambia tusubiri. Jua je? Hilo, nilijiambia, halipungui kwetu.

Sikumhesabu mama yetu, Mayu.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yangu sokoni, nilimtolea kiti uani na kumvua shati. Kila niliporudi mchana nilimkuta upenuni, amefunikwa kitenge.

"Mwanangu si michembe," Mayu alinifokea, "umwanike juani kama viazi! Majirani watasema nini? Kwamba nimeshindwa kumtunza?"

Kwetu mgonjwa hutafutiwa kivuli kabla hata ya kupewa maji. Nilimweleza mpaka nikachoka. Siku moja nikampandishia sauti, mzazi wangu mwenyewe, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mdogo wangu alikaa katikati yetu, akitazama magoti yake.

Mwishowe Mayu akakubali. "Haya, akae." Siku hiyo nilirudi mapema, nina furaha kweli. Nilipofungua geti nikamwona mdogo wangu palepale nilipomwacha, na Mayu amesimama nyuma yake na mwavuli, amemfunika barabara. Jua lote lilimpiga Mayu, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Nilikaa chini palepale getini. Sikujua nicheke au nilie, na sikufanya lolote.

Wiki ya tatu mdogo wangu alifunga begi. Nikamuuliza anarudi kufanya nini na miguu ile.

"Dada, hapa kila mtu ananitazama ninavyotembea," alisema. "Kule chini hakuna anayetembea. Wote tunatambaa. Hakuna anayejua kwamba mimi ni mgonjwa."

Nilimkunjia mashuka.

Tulimsindikiza stendi saa sita mchana. Basi la Geita lilikuwa limechelewa. Mayu akafungua mwavuli wake kama kawaida, akamfunika. Safari hii nilimwacha. Kisha nikamwona anautazama mwavuli, anamtazama mwanawe, anautazama tena. Akaufunga. Akaanza kumkunjia mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine, hadi mabegani, kama alivyokuwa akifanya alipomnawisha utotoni.

"Simama hapo, baba," alimwambia. "Simama tu hapo."

Alisimama juani labda dakika tano. Kisha basi likaja.